Afrobarometer, Sauti za Wananchi au World Values Survey? Kuchagua data ya kufuatilia ushiriki wa kisiasa na mitazamo ya wananchi

Anayetaka kujua kama wananchi wanazidi kushiriki siasa au wanazidi kuzipa mgongo hana tena shida ya kukosa takwimu. Zimejaa mtandaoni, nyingi ni za bure, na mara nyingi unaweza kupakua data ghafi ukaichambua mwenyewe. Shida ni kwamba tafiti hizi hazikuundwa kwa kazi moja. Ukiitumia Afrobarometer kwa swali lililohitaji Sauti za Wananchi, au World Values Survey kwa swali lililohitaji Afrobarometer, namba utapata, tena za kupendeza, ila utakachohitimisha hakitakuwa kweli.

Nazilinganisha hizo tatu kwa sababu ndizo anazokutana nazo kwanza mtu anayeandika kuhusu Tanzania, Kenya au Uganda. Njiani nitagusa pia tafiti za kitaifa za Marekani na Uingereza, maana huko upimaji wa aina hii umefanywa kwa miongo mingi na makosa yake yamechunguzwa kwa kina. Msimamo wangu nautaja mapema: soma dodoso kabla hujavutiwa na jina la taasisi. Na usidhani kwamba utafiti uliopima vizuri mitazamo ya watu umepima vizuri na matendo yao.

Nani anaulizwa, na anaulizwa mara ngapi

Afrobarometer ilianza mwaka 1999 ikiwa na nchi 12. Awamu ya 9, iliyofanyika kati ya 2021 na 2023, ilifika nchi 39. Kila awamu huchagua watu wapya wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kwa kawaida 1,200 au 2,400 kwa kila nchi, na mdadisi huwafuata walipo na kuwahoji ana kwa ana kwa lugha wanayoichagua. Tanzania na Uganda zimo tangu awamu ya kwanza. Kenya iliingia katika awamu ya pili, mwaka 2003.

World Values Survey ni mkongwe zaidi. Ulianza mwaka 1981. Nao huchagua watu wapya kila awamu, lakini awamu zake hupishana kwa miaka mingi na si kila nchi hurudi. Tanzania na Uganda ziliingia mwaka 2001. Kenya iliingia katika awamu ya saba, mwaka 2021. Kwa kulinganisha Kenya na Ujerumani au Vietnam katika kipindi kimoja, utafiti huu ni hazina. Kwa kufuatilia Wakenya wamebadilikaje, haukusaidii: nukta moja haichori mstari.

Sauti za Wananchi, iliyoanzishwa na shirika la Twaweza mwaka 2013, ina muundo tofauti kabisa. Kaya 2,000 za Tanzania Bara zilichaguliwa kitaalamu na kutembelewa, mhojiwa mmoja katika kila kaya akapewa simu na chaja ya jua, kisha akawa anapigiwa mara kwa mara kuulizwa maswali mafupi. Baadaye Twaweza iliupeleka mpango huo Kenya na Uganda pia. Zingatia neno Bara: Zanzibar haimo, na anayeandika "Watanzania" akiwa na jedwali la Sauti za Wananchi mkononi anapaswa kujisahihisha.

Tofauti ya msingi ni hiyo: Afrobarometer na World Values Survey huhoji taifa lilelile kupitia watu wengine, wakati Sauti za Wananchi huwarudia watu walewale, angalau kwa kipindi ambacho jopo moja, yaani kundi hilo la wanaorudiwa, linadumu. Tuseme utafiti wa watu wapya umekuta asilimia 40 walihudhuria mkutano wa kijiji au mtaa mwaka huu, na awamu iliyopita ilikuwa asilimia 40 pia. Utaandika kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini huenda nusu ya waliohudhuria mara ya kwanza wameacha na wengine wapya wameingia kwa idadi ileile. Utafiti wa watu wapya hauwezi kukuonyesha hilo hata ukihoji watu milioni. Ukitaka kujua nani ameacha na kwa nini, unahitaji jopo.

Jopo nalo lina gharama zake. Watu huhama, hupoteza simu, huchoka na maswali, na wanaobaki mara nyingi ndio wale waliokuwa na hamu tangu mwanzo. Zaidi ya hapo, kuhojiwa kwenyewe humbadilisha mtu. Mtu anayepigiwa simu kila baada ya muda kuulizwa kuhusu huduma za afya na utendaji wa viongozi huanza kusikiliza taarifa ya habari kwa sikio jingine. Jambo hili limepimwa Marekani katika American National Election Studies, utafiti wa uchaguzi ulioanza mwaka 1948 ambao huwahoji watu kabla na baada ya uchaguzi wa rais. Watafiti walipolinganisha majibu na kumbukumbu rasmi za upigaji kura, iliwadhihirikia kwamba mahojiano ya kabla ya uchaguzi yenyewe huwasukuma baadhi ya watu kwenda kupiga kura. Kwa hiyo kadiri mtu anavyokaa kwenye jopo la kisiasa, ndivyo anavyozidi kuacha kufanana na jirani yake ambaye hakuchaguliwa.

Ushiriki: uliza umefanya lini

Chukua maandamano. World Values Survey humuuliza mhojiwa kama amewahi kushiriki maandamano halali, kama anaweza kushiriki, au kama hatashiriki kamwe. Hakuna ukomo wa muda. Mzee wa miaka 65 aliyeandamana akiwa chuoni atajibu "nimewahi" leo, na atajibu hivyohivyo katika awamu zote zitakazomfikia. Swali hili linapima historia ya maisha ya mtu. Ukiona namba imepanda kati ya awamu mbili, huwezi kujua kama watu wameandamana zaidi miaka ya karibuni au kama ni kizazi chenye kumbukumbu nyingi tu ndicho kilichohojiwa.

European Social Survey, unaofanyika kila baada ya miaka miwili tangu 2002, huuliza kuhusu miezi 12 iliyopita: umewasiliana na mwanasiasa, umesaini ombi la wananchi, umeandamana, umesusia bidhaa? Jibu ni ndiyo au hapana. Hapo unaweza kufuatilia kitu.

Afrobarometer imefanya jambo ninalolipenda kuliko yote mawili. Humuuliza mtu kama katika mwaka uliopita amehudhuria mkutano wa jamii, ameungana na wenzake kuibua suala fulani, au ameandamana. Akisema hapana, anaulizwa kama angefanya hivyo angepata nafasi. Majibu yanatoka kwenye "hapana, na nisingefanya kamwe" hadi "ndiyo, mara nyingi". Kwa hiyo swali moja linakupa tendo lenye muda na utayari kwa pamoja. Panapo vizuizi vya mikutano ya hadhara, kundi la "sijafanya ila ningefanya" ndilo lenye habari, kwa sababu linatenganisha wasiojali na waliozuiwa. Waandishi wengi hulijumlisha kundi hilo na "hapana" ya kawaida, wakaitupa habari bora kuliko zote iliyomo kwenye jedwali.

Kupiga kura ni mtihani mwingine, na hapa hakuna utafiti unaopona. Watu husema walipiga kura hata kama hawakupiga. Katika American National Election Studies, waliosema walipiga kura mara nyingi wamezidi kiwango halisi kwa zaidi ya pointi 10. Sehemu ya pengo hilo ni aibu, maana mtu hapendi kuonekana hajali. Sehemu nyingine ni kwamba anayekubali kumkaribisha mdadisi kwa saa nzima azungumzie siasa ni yuleyule anayekubali kupanga foleni kituoni. Mtu aliyekata tamaa na yote hayo hukufungia mlango, na kwenye takwimu zako hayumo.

Wamarekani wana njia mbadala. Tangu 1964, ofisi yao ya sensa huongeza maswali ya uandikishaji na upigaji kura kwenye utafiti wake wa kila mwezi wa nguvukazi, kila Novemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Utafiti huo hufikia makumi elfu ya kaya, na namba zake za waliojitokeza hukaribia zaidi ukweli. Unaweza kupata picha ya kila jimbo, kila rika, kila kiwango cha elimu. Ila hauulizi mtu anapenda chama gani, alimchagua nani, wala anaionaje serikali, na mwanakaya mmoja anaweza kuwajibia wenzake. Ukitaka kujua nani hupiga kura, tumia huo. Ukitaka kujua kwa nini, rudi kwenye utafiti wa uchaguzi na uvumilie majigambo. Uingereza wamejaribu kuunganisha mambo hayo mawili: utafiti wao wa uchaguzi, ulioanza miaka ya 1960, hukagua majibu ya wahojiwa dhidi ya daftari la wapiga kura, ambalo siku ya kura huwekewa alama kwa kila aliyefika kituoni.

Ukija kwetu, kuna jambo la kigawanyo ambalo huwaangusha wengi. Kiwango rasmi cha waliojitokeza nchini Kenya na Tanzania huhesabiwa kwa kugawa kura zilizopigwa kwa idadi ya walioandikishwa. Afrobarometer huhoji watu wazima wote, walioandikishwa na wasioandikishwa. Hivyo ni vigawanyo viwili. Tanzania mwaka 2010 ilitangaza waliojitokeza kuwa takriban asilimia 43 ya walioandikishwa, na mwaka 2015 takriban asilimia 67. Kuziweka namba hizo kando ya asilimia ya utafiti bila kurekebisha ni kulinganisha vitu visivyofanana. Daftari nalo lina matatizo yake: ukaguzi wa daftari la Kenya mwaka 2017 ulikadiria kwamba marehemu wapatao milioni moja bado walikuwemo. Majina hayo yakiwa kwenye kigawanyo, kiwango rasmi hushuka bila mtu hai yeyote kukaa nyumbani.

Na kumbukumbu. Afrobarometer haifuati ratiba ya chaguzi. Awamu ya 9 nchini Kenya ilifanyika mwishoni mwa 2021, ikawauliza watu kuhusu kura ya 2017. Zaidi ya miaka minne! Hata General Social Survey ya Marekani ina tatizo hilohilo: ile ya 2016 kwa sehemu kubwa ilifanyika kabla ya uchaguzi wa Novemba, kwa hiyo kura iliyoulizwa ilikuwa ya 2012. Mimi situmii swali la kura la utafiti wowote uliofanyika zaidi ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi kukadiria waliojitokeza. Kulinganisha makundi ndani ya utafiti huohuo, kama vijana na wazee, hapo sawa, kwa tahadhari.

Mitazamo: swali lilelile, nchi zilezile, njia ileile

Kwa mitazamo mambo yanageuka. Hapa urefu wa mfululizo ndio mali. General Social Survey ulianza mwaka 1972 chini ya kituo cha NORC cha Chuo Kikuu cha Chicago, na unaheshimika kwa sababu ya ukaidi wake: maswali ya msingi hayaguswi. Mwaka 1972 takriban asilimia 46 ya Wamarekani walisema watu wengi wanaaminika. Mwaka 2018 walikuwa karibu theluthi moja. Hakuna kura ya maoni ya gazeti inayoweza kukuonyesha mteremko kama huo, maana magazeti hubadilisha maneno ya swali kila mara. British Social Attitudes, ulioanza 1983, umejengwa kwa fikra hiyohiyo.

Ukaidi huo ulijaribiwa na Uviko-19. General Social Survey iliyokuwa ifanyike 2020 iliahirishwa hadi 2021, na wahojiwa wengi wakajaza wenyewe mtandaoni badala ya kukaa na mdadisi. Waandaaji wenyewe wameonya kwamba kuilinganisha 2021 na miaka ya nyuma kunahitaji tahadhari. Mtu akiwa peke yake na skrini hujibu tofauti na akiwa ametazamwa usoni. Ukiona mstari umeruka ghafla mwaka ambao njia ya kuhoji imebadilika, mshuku kwanza mdadisi aliyetoweka, kisha ndio uwashuku wananchi.

Afrobarometer ina swali lake la kudumu kuhusu demokrasia tangu awamu ya kwanza: mhojiwa huchagua kati ya kauli tatu, kwamba demokrasia ni bora kuliko mfumo mwingine wowote, kwamba wakati mwingine mfumo usio wa kidemokrasia unafaa, au kwamba kwa mtu kama yeye haijalishi. Katika awamu ya 9, wastani wa nchi 39 ulikuwa asilimia 66 wanaoipendelea demokrasia. Lakini walipozungumzia mabadiliko ya muongo mmoja, walitumia nchi 30 tu, zile zilizokuwemo muda wote, na hapo wakakuta mporomoko wa pointi 7. Afrika Kusini pekee ilishuka pointi 29, Mali 23. Ukichukua wastani wa nchi 12 za awamu ya kwanza ukauweka kando ya nchi 39 za awamu ya 9, utakuwa umepima orodha ya nchi ilivyobadilika.

Sauti za Wananchi inashinda kwa kasi. Mwaka 2016 asilimia 96 ya wahojiwa wake walisema wanaridhika na utendaji wa Rais Magufuli. 2017 ikawa 71. 2018 ikawa 55. Afrobarometer ilikuwa Tanzania mwaka 2017 na haikurudi hadi 2021. Yaani mteremko wa kutoka 71 hadi 55 ulipita katikati ya awamu hizo mbili bila kuonekana. Kwa mitazamo inayopanda na kushuka haraka, kama kukubalika kwa kiongozi au hofu ya bei, awamu ya kila miaka miwili au mitatu ni ya mbali mno. Kwa mitazamo inayosogea polepole, kama imani juu ya demokrasia, simu ya kila baada ya wiki chache haikuongezei kitu zaidi ya kelele.

Je, watu husema kweli? Matokeo ya 2018 yalipotoka, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliiandikia Twaweza kuhoji kibali cha utafiti, na mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyowabana watoa takwimu, kabla ya kulegezwa 2019. Katika mazingira ya namna hiyo, mhojiwa naye hupima maneno. Hapa Afrobarometer ina vifaa viwili ambavyo wachambuzi wengi hawavigusi. Mwishoni mwa dodoso mhojiwa huulizwa anadhani nani aliyetuma utafiti huu, na si haba wanaosema ni serikali. Na mdadisi, akishamaliza, hujaza mwenyewe kama kulikuwa na watu wengine karibu waliokuwa wakisikiliza. Pakua data ghafi, tenganisha wanaodhani serikali imewatuma na wasiodhani hivyo, halafu tazama swali la kumwamini rais. Pengo likiwa dogo, utakuwa na hoja ya kujitetea. Likiwa kubwa, umepata habari nyingine kabisa. Kwa simu huwezi kujua nani amekaa pembeni ya mhojiwa.

Ukubwa wa sampuli

Hapa nitakuwa mfupi. Sampuli ya watu 1,200 ina kiwango cha makosa cha takriban pointi 3 kila upande, 2,400 pointi 2. Lakini tofauti kati ya awamu mbili hubeba makosa ya zote mbili: kwa 1,200 dhidi ya 1,200, mabadiliko yasiyofika pointi 4 usiyaandikie kichwa cha habari. Usishuke mikoani pia. Tanzania ina mikoa 31. Gawa 2,400 kwa 31, kila mmoja unapata wastani wa watu 77, na makosa ya pointi 11 hivi. Na ukifungua data ghafi tumia safu ya uzito, yaani namba inayolirudisha kila kundi kwenye uwiano wake halisi, hasa ambako eneo fulani limehojiwa watu wengi kuliko uwiano wake.

Nani achukue ipi

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika kuhusu ushiriki wa vijana Tanzania au Kenya katika miaka 15 au 20 iliyopita: Afrobarometer, bila kusita. Achukue awamu zote zenye swali lilelile na ajibu kwa mikutano ya jamii, kuibua masuala na maandamano, si kwa kura. Vijana wa awamu moja wakiwa wachache mno, aunganishe awamu mbili zinazofuatana.

Mwandishi wa habari anayetaka kujua wananchi wanasemaje miezi miwili baada ya bajeti au baada ya sheria mpya: Sauti za Wananchi, ikiwa wameuliza suala hilo, akiandika wazi kwamba ni Tanzania Bara na kwamba ni wahojiwa wa jopo. Mtafiti wa asasi ya kiraia anayetaka kujua nani ameacha kuhudhuria mikutano na kwa nini naye aende hukohuko, lakini aombe data ya watu binafsi, kwa sababu majedwali ya jumla yaliyochapishwa hayamwonyeshi mtu mmoja akibadilika.

Anayelinganisha Afrika Mashariki na sehemu nyingine za dunia hana pa kwenda zaidi ya World Values Survey, na inamtosha ilimradi asizungumzie mwelekeo. Nadharia kuhusu kwa nini watu hupiga kura, mtu azijaribu kwenye tafiti za uchaguzi za Marekani na Uingereza, ambako jibu limewahi kukaguliwa dhidi ya daftari.

Na utafiti wowote utakaouchagua, anza na kitabu cha maelezo ya data, tafuta swali lako awamu kwa awamu, nakili maneno yake yote pamoja na machaguo ya majibu, na uone kama kila mhojiwa aliulizwa. General Social Survey, kwa mfano, huzungusha baadhi ya maswali ili kila mhojiwa aulizwe sehemu tu, na nafasi iliyo wazi haimaanishi "hapana". Kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Awamu ambayo maneno au machaguo yamebadilika, iondoe kwenye mstari, hata kama ndiyo iliyokuwa ikipendeza hoja yako.